Vizibo vya protini huachia vyenyewe, na hapo ndipo mzazi anapodanganyika

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu, baba wa mvulana wa miaka sita, aliyeeleza jinsi mwanawe alivyougua tumbo mara tatu, picha zikaonyesha vizibo vya protini kwenye mirija ya nyongo na kongosho, kisha yeye akampa mafuta ya zeituni na maji ya limau pamoja na vidonge vya vimeng'enya, na mtoto akapoa. Anasema vizibo vimeyeyuka, na kwamba upasuaji aliopangiwa mtoto ameuahirisha. Simshambulii baba huyu. Barua yake niliimaliza nikairudia tangu mwanzo, kwa sababu miaka saba iliyopita ningeweza kuiandika mimi, na ningekuwa na uhakika uleule alio nao yeye.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Maumivu yalimwanza jioni, na hakulia kwa sauti kama mtoto aliyeanguka. Alichuchumaa pembeni ya kitanda, magoti yamegusa kifua, kichwa ameinamisha, akakataa kuguswa hata mgongo. Usiku ule alitapika mara nne, na mara ya mwisho yalitoka maji ya kijani tu. Siku ya pili nilimbeba hadi dirishani nimwangalie macho kwenye mwanga wa jua, maana taa ya chumbani inadanganya: weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano hafifu, na mkojo wake ulikuwa wa kahawia. Siku ya tatu aliamka akaomba chakula. Siku ya tano macho yalikuwa meupe, naye anakimbia uani kana kwamba hakuwahi kuugua.

Kwa muda wa miezi kumi na minne hali hiyo ilijirudia mara tano. Nina daftari ambalo niliandika kila kitu, na hadi leo nimelitunza. Mara ya kwanza tulimpeleka kwenye zahanati wakasema ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo, akapoa. Mara ya pili akapewa dawa ya maji ya kutuliza asidi, akapoa. Mara ya tatu tulimwondolea mafuta kwenye chakula, basi, hatukumpa dawa yoyote, akapoa. Mara ya nne wifi yangu, ambaye anampenda mtoto huyu kama wa kwake, alimpa mafuta ya zeituni na limau usiku kabla hajalala, akapoa. Nilipokuja kulisoma daftari lile kwa utulivu, baada ya kila kitu, ndipo nilipoona kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Tulijaribu mambo manne yasiyofanana hata kidogo, na yote yalimtibu kwa muda uleule, siku mbili au tatu. Lile la tatu halikuwa hata dawa.

Hilo ndilo ninaloomba baba yule alifikirie kabla ya lingine lolote. Vizibo vya protini vya aina hii ni laini. Vingi huachia vyenyewe: huvunjika, huyeyuka, au husukumwa na shinikizo lililojikusanya nyuma yake vikatumbukia kwenye utumbo. Ndiyo maana maumivu huja kwa vipindi. Anayempa mtoto kitu siku ya kwanza ya maumivu, chochote kile, siku ya tatu atakuwa na sababu ya kukishukuru.

Mara ya nne tulipata na ushahidi, au tulidhani tumeupata. Asubuhi baada ya ile dawa ya wifi, kwenye choo cha mtoto vilionekana vidonge vya kijani, laini, vikubwa kuliko punje ya njegere, kama kumi hivi. Wifi aliviosha kwenye chujio, akavitia kwenye kichupa cha kioo, akafunga kifuniko. Tulifurahi sana. Tulisema hayo ndiyo mawe, ndiyo yaliyokuwa yanamtesa. Kichupa kile nilikwenda nacho hospitali, nikakiweka mezani mbele ya daktari wa watoto niliyempata safari ile, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya chini.

Hakunicheka wala hakunikemea. Aliomba maji ya moto kidogo kwenye bakuli, akakiweka kichupa ndani yake, tukaendelea kuzungumza kuhusu mtoto. Kabla hatujamaliza maelezo ya mara ya pili ya ugonjwa, vidonge vyote vilikuwa vimelainika na kuwa mafuta ya kijani yanayoelea. "Mama," akaniambia, "haya ni mafuta mliyompa. Yamegeuka sabuni humo tumboni."

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hilo limeshachunguzwa na kuandikwa. Mwaka 2005 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha taarifa fupi ya madaktari wa New Zealand kuhusu mwanamke aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau kwa ushauri wa mtu wa dawa za asili, akatoa vidonge vya kijani na kuvipeleka hospitali. Walipovipima walikuta asilimia 75 ni asidi za mafuta, bila kolesteroli, bila bilirubini (ile rangi ya manjano ya nyongo), bila kalisiamu. Kwenye nyuzi joto 40 viliyeyuka kwa dakika kumi tu. Maelezo yao ni kwamba vimeng'enya vya tumboni huyavunja mafuta yale, kisha asidi za mafuta hukutana na potasiamu iliyomo kwenye limau na kufanya sabuni isiyoyeyuka. Kwa hiyo anayekunywa mchanganyiko ule anaweza kutoa "mawe" hata kama mirija yake haina tatizo lolote.

Na kuna hatari ambayo wifi hakuijua, nami sikuijua. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, mwili hutoa homoni inayoamuru mambo mawili: mfuko wa nyongo ujikamue, na kongosho limwage vimeng'enya vyake. Kwa mtu mwenye njia wazi hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Kwa mtoto ambaye mlango umezibwa, ni kusukuma maji kwenye bomba lililofungwa. Limau nalo, asidi yake haipandi kwenye mirija hata tone. Ikifika kwenye utumbo kongosho hutoa bikaboneti kuizima. Nikikumbuka usiku ule, namna alivyojikunja saa mbili baada ya kunywa kikombe kile, nasema tulimwongezea maumivu mtoto ambaye tayari alikuwa anaumia.

Siku ile ya kichupa yule daktari aliniambia neno moja lililobadilisha safari yetu yote. Alisema maumivu yakirudi nisisubiri yapungue. Nimlete saa ileile, achukuliwe damu na apigwe picha akiwa anaumwa. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda kwenye vipimo mara mbili, zote mtoto akiwa mzima, na mara zote tuliambiwa majibu ni mazuri. Yalikuwa mazuri kweli. Kizibo kikishaondoka, lipesi na amilesi, vimeng'enya vya kongosho, hushuka kwenye damu, bilirubini hushuka, na hata mrija uliotanuka unaweza kunywea kiasi. Anayepima siku ya utulivu anaweza asikute kitu.

Mara ya tano tulifika hospitali saa tisa usiku. Lipesi ilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida, wakati mara tatu tu zinatosha kumfanya daktari aseme kongosho limevimba. Kwenye ultrasaundi mrija mkuu wa nyongo ulikuwa na upana wa milimita 14, na kwa mtoto wa umri wake haukupaswa kuzidi kama milimita tatu hivi. Mpiga picha aliusimamisha mshale kwenye kioo akatuonyesha chini kabisa ya mrija, pale unapokuwa mwembamba, kitu chenye kijivu kilichofifia, kisichotupa kivuli kama jiwe linavyotupa. Baada ya siku chache picha ya MRI ya mirija ilionyesha mchoro wote.

Nitaueleza mchoro huo kwa sababu bila kuuelewa mtu ataendelea kutafuta cha kuyeyushia. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kongosho hutoa juisi yake, lita moja hata mbili. Mirija hiyo miwili kwa kawaida hukutana ndani ya ukuta wa utumbo mdogo, na hapo mlangoni kuna msuli wa mviringo unaofungua na kufunga. Unaitwa kwa jina la Mwitaliano Ruggero Oddi, aliyeueleza mwaka 1887 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Msuli ule unazishika njia zote mbili, ndiyo maana juisi hizi hazipandiani. Binti yangu alizaliwa mirija yake ikiwa imeungana mapema mno, nje ya ukuta, ikawa na njia ndefu ya pamoja kabla ya kufika mlangoni. Msuli kwake unafunga lango la nje tu. Nyuma ya lango, juisi ya kongosho na nyongo zinachanganyika zinavyotaka, na kwa kuwa shinikizo upande wa kongosho huwa ni kubwa zaidi, juisi yake hupanda kwenye mrija wa nyongo. Daktari wa Marekani aitwaye Babbitt ndiye aliyeunganisha mambo haya mwaka 1969: njia ndefu ya pamoja, juisi inayopanda, na mrija wa nyongo unaotanuka kama mfuko. Wasichana huzaliwa na mrija wa namna hii mara tatu hadi nne zaidi ya wavulana, lakini wavulana nao wapo.

Sasa protini inatoka wapi? Kongosho lenyewe huitengeneza. Inaitwa litostatini, na ni mnyororo wa asidi amino 144, vile vipande vinavyojenga protini, unaoelea kwenye juisi bila shida. Lakini tripsini, kimeng'enya kilekile cha kongosho kinachokata protini za chakula, kikiamka mahali kisipotakiwa kuamka, hukata asidi amino 11 za mwanzo wa mnyororo. Zinabaki 133, na hizo 133 haziyeyuki tena kwenye juisi ile. Hushikamana zikawa nyuzi, nyuzi zikajisokota, likatokea donge. Donge likifika kwenye sehemu nyembamba linakwama.

Baba yule amempa mwanawe vidonge vya vimeng'enya vinavyokata protini ili kuyeyusha protini. Kwa kusikia ni jambo la akili kabisa, hata mimi niliwahi kuliuliza. Lakini kizibo hiki kimezaliwa na mkato wa kimeng'enya cha kukata protini. Na hata pasipo hilo, kidonge kinachomezwa kinafunguka kwenye utumbo, kinakutana na chakula pale, kinateremka nacho. Hakiwezi kurudi nyuma kupitia mlango unaotoa maji nje, kikapanda mirija. Vidonge hivyo ni dawa nzuri sana kwa mtu ambaye kongosho lake limeshindwa kazi, anavimeza pamoja na chakula na chakula kinasagika. Kwa kuzibua mrija havina njia ya kufika. Vilevile ile dawa ya ursodioksikoliki ambayo wengine huisifu: inasaidia mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na kalisiamu, kwa miezi sita hadi miaka miwili ya kumeza. Donge la protini si kolesteroli.

Je, hakuna kabisa kinachoyeyusha? Kipo, na sitaki kusema uongo kwa upande wangu pia. Kwenye kichupa cha maabara, protini hiyo iliyokatwa huyeyuka ikiwekwa kwenye asidi au kwenye alkali ya kutosha. Shida ni kwamba asidi ya kiwango hicho huwezi kuimwaga kwenye mrija wa mtoto. Madaktari wanachofanya ni cha kawaida zaidi. Mtoto hulazwa, hapewi chakula kwa mdomo kwa muda, huwekewa maji ya mshipani, dawa ya maumivu, na antibayotiki kama nyongo imeingia maambukizi, na mara nyingi kizibo huachia. Kisipoachia, kamera nyembamba hupitishwa mdomoni hadi kwenye mlango ule wa utumbo, na kupitia kwayo huingizwa kijibomba cha kupitishia nyongo, au kiputo kidogo cha kuvuta donge litoke. Njia hiyo ilijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na tangu 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani walionyesha kwamba msuli wa mlangoni unaweza hata kukatwa kwa kamera bila kupasua tumbo. Ina gharama yake kwa mwili: yenyewe inaweza kuwasha kongosho, kwa watu kama 3 hadi 10 katika kila 100. Ndiyo maana haifanywi ovyo, na ndiyo maana binti yangu hakufanyiwa, kwa kuwa mara ya tano pia kizibo kiliachia siku ya tatu.

Hapo nilimwambia yule daktari, basi amepona tena, turudi nyumbani. Akanijibu: "Kizibo kimetoka, Mama. Mirija inayotengeneza vizibo ipo palepale."

Akanieleza kwa upole jambo ambalo wazazi wengi hatuambiwi mapema. Mrija wa nyongo unaooshwa na juisi ya kongosho mwaka baada ya mwaka unachubuka ndani, unavimba, unapona vibaya, unachubuka tena, na mtu akifika utu uzima akiwa nao, hatari ya saratani ya mrija ule na ya mfuko wa nyongo inakuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Zamani madaktari wa upasuaji waliuacha mrija uliotanuka mahali pake na kuuunganisha tu na utumbo ili umwage nyongo. Njia hiyo iliachwa, kwa kuwa wagonjwa waliendelea kupata maambukizi, mawe, na baadaye saratani katika ukuta ule uliobakizwa. Siku hizi unaondolewa wote.

Kabla ya upasuaji binti yangu alipewa sindano ya vitamini K. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mafuta hayasharabiwi vizuri, na vitamini hiyo inategemea mafuta. Pasipo hiyo damu haigandi inavyotakiwa. Nataja hili kwa sababu lilinionyesha jinsi mrija mmoja mwembamba unavyoshikilia mambo ya mwili mzima.

Upasuaji ulichukua saa tano. Mrija uliotanuka ulitolewa pamoja na mfuko wa nyongo, sehemu ya utumbo mdogo ikavutwa juu kuunganishwa na mrija unaotoka kwenye ini, na juisi ya kongosho ikabaki na njia yake peke yake. Tangu siku ile hazikutani tena ndani ya mirija. Zinakutana kwenye utumbo, mahali pake. Kabla ya kufunga, daktari wa upasuaji alipitisha kijibomba chembamba ndani ya njia ile ya pamoja na ndani ya mirija ya ini, akasafisha kwa maji ya chumvi hadi yakatoka meupe, maana donge likiachwa humo linaweza kuja kusumbua kongosho hata kama mrija mbovu umeshaondoka.

Jioni alinitafuta wodini akiwa na kichupa cha plastiki mkononi. Ndani ya maji safi kulikuwa na vitu vitano au sita, rangi ya ute wa yai uliopikwa uliochanganyika na manjano kidogo, kimoja kirefu kama funza, vingine vidogo kama punje ya mchele. Alikitoa kimoja kwa koleo, akakiweka kwenye kidole chenye glavu, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilisagika bila sauti, kikabaki utelezi. Nilitazama utelezi ule kwa muda mrefu. Mtoto wangu alikuwa amejikunja sakafuni usiku tano kwa sababu ya kitu ambacho mtu angeweza kukipangusa kwa kitambaa. Vidonge vya kijani vya wifi vilikuwa vikubwa mara kadhaa kuliko hivi, na havikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa.

Niseme pia, kwa haraka, kwamba si kila kizibo cha protini kinatokana na mirija kama ya binti yangu, na barua ya baba yule ilivichanganya vyote. Kuna watu wazima wenye kongosho lililovimba kwa miaka, wengi wao kwa pombe na sigara, ambao madonge yao hushika kalisiamu kaboneti yakawa mawe magumu kweli. Hayo huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, au hutolewa kwa kamera au upasuaji. Na kuna watoto wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao daktari Dorothy Andersen wa Marekani aliueleza mwaka 1938 kwa kuangalia makongosho yaliyoharibika. Kwao tatizo ni kwamba chembe za mirija hazitoi bikaboneti na maji ya kutosha, juisi inakuwa nzito, protini inaganda mirijani, na karibu 85 kati ya kila 100 wanaishia kuhitaji vimeng'enya vya kumeza. Jeni yake ilipatikana mwaka 1989. Tangu 2012 zipo dawa zinazorekebisha protini yenye kasoro yenyewe, na baadhi ya watoto wadogo walioanzishiwa mapema kongosho lao limeonyesha dalili za kurudisha kazi kiasi. Natamani kila msomaji aone dawa hizo zilivyofanikiwa: zilikwenda kwenye chanzo cha uzito wa juisi, hazikukimbizana na donge moja moja.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na moja. Ana kovu la kulala juu ya kitovu ambalo yeye huliita tabasamu. Kila mwaka tunakwenda kupigwa ultrasaundi na kupimwa damu ya ini, kwa sababu pale palipoungwa panaweza kusinyaa baadaye, au mawe yakajifanya ndani ya ini, na tumeambiwa utaratibu huo utaendelea hata akiwa mtu mzima. Akipata homa ya kutetemeka hatungoji asubuhi.

Naomba, Mhariri, kama utaichapisha barua hii, uiweke kwenye ukurasa uleule ilipokuwa barua ile, kwa sababu waliosoma ile ndio ninaowataka. Na dalili hizi zisikatwe kwa ajili ya nafasi: mtoto mwenye maumivu ya juu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hasa yakiambatana na matapishi ya kijani; macho ya manjano hata kwa siku mbili tu; mkojo wa kahawia; choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi; mwili kuwasha bila vipele. Maumivu, umanjano na homa ya kutetemeka vikija pamoja, ni hospitali siku hiyohiyo, maana nyongo iliyoziba imeingia vijidudu. Na mtoto mchanga ambaye umanjano wake umepita wiki mbili na choo chake ni cheupe, huyo ana dharura nyingine kabisa na kila siku inahesabika kwake.

Kwa baba wa yule mvulana nina maombi mawili. Tarehe ya upasuaji aliyoiahirisha, aende akaiombe tena, hata kama leo mtoto anacheza mpira. Na iwapo maumivu yatarudi kabla ya siku hiyo, asimpe mafuta. Ampeleke akiwa anaumwa, na aombe lipesi, bilirubini na ultrasaundi usiku uleule. Daftari langu la ile miezi kumi na minne bado ninalo, na nimeacha namba yangu ofisini kwako apewe yeye akitaka tuzungumze.

Mama wa mtoto,
msomaji wenu